Walitukata Jimbo Tukiwa Kwenye Viwavi

Uvumi wenyewe niliupata kwenye foleni ya mashine ya kusaga, na tangu siku hiyo haukunitoka. Kwamba jimbo letu la Kalundwe litafutwa, liunganishwe na la mjini. Aliyeusema ni Mama Nsama. Yeye ni wa ukoo wa Chui na mimi ni wa Mbuzi, kwa hiyo ni mtani wangu, na maneno ya mtani huwezi kujua lini anacheka na lini anasema kweli.

"Mbuzi wee, kamba yako inahamishwa," aliniambia huku akikaza kitenge. "Mbunge wako, yule uliyemnyonyesha, ameshakuuza."

"Umekosa nyama siku nyingi, ndiyo maana unatafuna maneno," nikamjibu.

Watu wakacheka, na mimi nikacheka. Lakini njia nzima ya nyumbani niliyarudia maneno yale.

Jimbo hilo lilizaliwa mwaka niliomaliza darasa la saba. Kabla ya hapo mbunge wetu alikuwa wa mjini, ng'ambo ya mto Lwitima, na hakuna aliyemjua sura. Kwa miaka arobaini tukapata wabunge wanne wa kwetu. Wa kwanza alikuwa mwalimu, alizunguka vijiji kwa baiskeli na kulala kwenye nyumba zetu. Wa pili alituwekea daraja la mbao, halafu hakuonekana tena mpaka kura. Wa tatu alikuwa mama mmoja mkali, ndiye aliyepigana tukapata zahanati na gari la wagonjwa. Mlangoni mwa gari hilo waliandika Jimbo la Kalundwe.

Wa nne ni Chilekwa, mtoto wa dada yangu. Dada alifariki Chilekwa akiwa hajaota meno, nikamnyonyesha pamoja na mwanangu wa kwanza, mmoja kulia, mmoja kushoto. Kwetu mtoto wa dada yako ni mtoto wako, hakuna swali hapo.

Naandika haya kwa sababu ya Mwango, binti yangu wa mwisho. Mwaka ule alikuwa mjamzito. Mimba ya kwanza ilishamtoka, na ya pili nesi alimwambia wazi: huyu hutamzaa hapa, nyonga zako ni nyembamba, uchungu ukianza gari likupeleke hospitali ya mjini. Kwa hiyo watu walipozungumza habari za jimbo, mimi nilikuwa nawaza gari.

Nikaenda kwa Chilekwa. Alikuwa amekuja kuangalia nyumba yake ya hapa kijijini, ile asiyolala.

"Mwanangu, nasikia Kalundwe linafutwa."

"Nani kakwambia, mama?"

"Wanawake kwenye mashine."

Akacheka. "Ukitaka kujua habari za bunge nenda kwenye mashine. Mama, jimbo halichinjwi kama kuku. Kuna kikao kwanza, watu wa kupanga mipaka ya majimbo wanakuja, wananchi wanasema wanachotaka. Kikao kikikaribia nitakuja mwenyewe kukwambia. Nyie nendeni kwenye viwavi. Tena mwaka huu msitembee, nitawaletea lori."

Lori lenyewe likaja. Nani mwingine aliwahi kutupa lori? Kila mwaka, chifu akishafungua msitu, tunatembea siku mbili na vyungu kichwani kuwafuata viwavi, wale wa kula na kuuza. Nilipita nyumba kwa nyumba nikiwaambia wanawake wasiwe na wasiwasi, nimemuuliza mtoto wangu mwenyewe. Mama Nsama akaniuliza:

"Wewe umesema?"

"Mimi nimesema."

"Basi tupande. Mbuzi ndiye anayeijua kamba yake."

Tulikaa kule wiki tatu. Mwango tulikwenda naye, akawa anatunza moto. Asiyejua kazi hii anadhani ni kuokota tu. Unapanda mti au unauangusha, unawakamua viwavi mmoja mmoja kwa vidole mpaka kucha ziwe nyeusi, unachemsha, unaanika, na mvua ikitishia unakimbia kuanua. Kijijini walibaki wagonjwa, mpishi wa shule na Mwalimu Sichone.

Tuliporudi, mwalimu huyo ndiye aliyekuja kwangu. Hakukaa hata kwenye kigoda.

"Mama Mwango, kikao kilifanyika. Jumanne ya juzi, shuleni. Tangazo walilibandika mlangoni siku ile ile mlipoondoka."

"Waliohudhuria?"

"Mimi na mpishi. Mimi nikasema watu wako msituni. Mheshimiwa Chilekwa akasimama, akasema watu wake wamempa kazi ya kusema kwa niaba yao, nao wanakubali kuungana na mjini. Wakaandika hakuna aliyepinga."

Nikamwambia labda tarehe walipanga watu wa mipaka wenyewe, Chilekwa hakujua. Mwalimu akatoa nakala ya barua mfukoni. Nilimaliza darasa la saba, kusoma najua. Barua ilikuwa ya Chilekwa na sahihi yake, akiwaomba watu wa mipaka kikao kiwe wiki ile, kwa maelezo kwamba wakati huo wananchi wa Kalundwe hawana kazi na wako nyumbani.

Angeandika mgeni, ningesema amekosea. Chilekwa alikulia kwenye kambi za viwavi. Alijifunza kutembea kule, akishika mguu wangu.

Nilimfuata mjini. Nilimkuta kwenye ofisi ya chama, ameshapewa kugombea jimbo jipya.

"Uliandika tuko nyumbani," nikamwambia.

"Mama, hiyo ni mistari ya karatasi tu. Ardhi yenu iko pale pale."

"Na gari?"

"Gari litatumika na watu wote sasa."

"Mdogo wako Mwango anazaa mwezi wa tatu."

"Mtanipigia simu," akasema.

Mwezi wa pili walikuja kulichukua gari. Mwango alishikwa na uchungu mwezi wa tatu, asubuhi, mvua inanyesha. Nilimpigia Chilekwa simu mara kumi na moja, haikupokelewa. Tukampakia kwenye mkokoteni wa ng'ombe wa Mama Nsama, naye akatembea pembeni njia nzima akimshikia turubai, wala hakunitania hata neno moja. Tulifika hospitali jua limeegemea magharibi. Mwango walimwokoa. Mtoto, wa kiume, alikuwa ameshakufa tumboni.

Chilekwa alikuja kwenye msiba na gari lile. Mlango ulikuwa umepakwa rangi.

Nasikia sasa watu wa mipaka wanakwenda kwenu, wenzetu wa viwavi wa jimbo jirani. Basi sikieni haya:

Msiende msituni wote pamoja. Kila nyumba iache mtu mzima mmoja.

Msipokee lori ambalo hamkuliomba.

Msikubali kusemewa kwenye kikao, hata na mtoto wenu.

Msingoje kuambiwa tarehe. Nendeni mkausome mlango wa shule kila wiki.

Msimwamini mtu kwa sababu mlimnyonyesha.

Msiwatulize wenzenu kwa jambo ambalo hamjaliona kwa macho.