Mfalme Anafanana na Nani?

Sehemu ya saba ya tamthilia ilipoisha, hakuna aliyeinuka kuwasha taa. Kwenye skrini ya chumba cha ukaguzi, mfalme mzee alikuwa ameganda mkono juu, akiamuru soko lifungwe kwa sababu muuza mboga mmoja alicheka yeye akipita.

"Mmeona wenyewe," alisema mgeni.

Mgeni alikuwa ametumwa kutoka juu. Juu wapi, hakuna aliyethubutu kuuliza. Alitaka bodi ya filamu iizuie tamthilia hiyo kabla haijarushwa Ijumaa.

Mwenyekiti, aliyekuwa anakaribia kustaafu, alimgeukia mkaguzi wake. Wote walimwita Mwalimu, maana zamani alifundisha historia. "Mwalimu, tupe sababu tuandike."

Asubuhi ile mume wa Mwalimu alikuwa amemwambia mlangoni, "Mama watoto, leo funga mdomo." Naye alimjibu kwamba atajitahidi.

"Kuna maneno ya malkia pale mwishoni," Mwalimu alisema sasa. "Yale ya haki za raia. Malkia wa enzi zile hakuongea hivyo. Pale ni mwandishi anatuhutubia; ni siasa iliyovalishwa taji, tena kwa haraka. Ningemshauri ayatoe. Lakini huo ni ushauri, si sababu ya kuzuia."

"Sina shida na malkia. Nina shida na huyo." Mgeni alimnyooshea mfalme kidole. "Watu watajua anasemwa nani."

"Nani, mheshimiwa?"

Mwanasheria wa bodi, aliyekuwa akiandika kikao, alishikwa na kikohozi cha ghafla.

"Usijitie hujui."

"Tukizuia lazima tutaje sababu, na wenye tamthilia watapewa nakala. Tukiandika kwamba mfalme huyu katili, anayeogopa hata kicheko, anafanana na mtu fulani, itabidi tumtaje. Mimi sijamwona. Kama wewe umemwona, sema, mwanasheria aandike."

Mwanasheria aliondoa vidole kwenye kompyuta kama aliyegusa sufuria la moto. Mwenyekiti alikuwa akivitazama viatu vyake. Neno lilikuwa limeshatoka, halirudishiki.

Mgeni alisimama taratibu, akafunga kifungo cha koti.

"Unaitwa nani vile?"

Mwalimu akamtajia jina lake, la baba na la babu. Mgeni alitikisa kichwa, akatoka bila kuaga.

"Umetumaliza, dada yangu," mwenyekiti alinong'ona.

"Ungesema nini wewe, kaka?"

"Nisingesema kitu." Hata hivyo alivuta karatasi ya kibali akasaini.

Ijumaa familia nzima ilikaa mbele ya televisheni. Mwalimu alisikiliza zaidi mlango kuliko mfalme. Kila gari lililopunguza mwendo nje lilimshtua. Soko lilipofungwa, mama mkwe wake alipiga makofi.

"Jamani! Si marehemu baba mkwe wako mtupu huyu? Alinikataza kucheka mezani miaka yote!"

Mwalimu alicheka mpaka akajishika mbavu, na kicheko kilipoisha akajikuta analia. Mumewe alipunguza sauti ya televisheni.

Jumatatu alihamishiwa ukaguzi wa katuni za watoto, kwenye chumba kisicho na dirisha. Hakuna aliyemweleza kwa nini, wala hakuuliza. Jioni alimsimulia mumewe, akisubiri kusikia "si nilikwambia". Mumewe aliingia jikoni kumkaangia mayai.