Makato kwa Mpokeaji

...na mikono yote miwili ina jeli mpaka viganjani, siwezi kuishika simu, imewaka pale kwenye rafu ya kioo kati ya chanuo na kopo la vibanio, imewaka na maneno matano tu, "Asante binti yangu, sasa nimejua", kisha nukta tatu, maana simu yangu hukata ujumbe pale pale mtu anapotaka kujua, sasa umejua nini mama, umejua nini... si ndiyo, anauliza nesi ninayemsuka, na mimi nasema ndiyo kabisa, sijui nimekubali nini, nadhani ni habari za yule msimamizi wa wodi yake aliyemnyima likizo, nagawa nywele, navuta mstari kutoka kwenye paji la uso kwenda kisogoni, mkono unajua kazi yake hata mwenyewe nisipokuwepo, na leo sipo, tangu asubuhi sipo, tangu yule mama aliyeniuzia draya ya nywele aliponiandikia akiomba samahani kwa usumbufu, akauliza zile pesa zake nilituma ngapi, na mimi nikajibu haraka kama mtu aliyekaa akilisubiri swali, laki tatu kamili mama, na si uongo, nilibonyeza laki tatu, tatu na sifuri tano, nilizihesabu sifuri zenyewe kwa kidole, sasa uongo uko wapi... uongo haupo, ndiyo maana roho inanisuta hivi, ungekuwepo ningeomba msamaha yakaisha.

Draya yenyewe ile pale kwenye kona, ya kofia, yenye kiti chake cha ngozi nyekundu, imetunzwa kuliko watoto wa watu, mama aliitumia miaka kumi na minane mpaka magoti yalipokataa kusimama kutwa nzima akafunga saluni, alikuwa anaiuza laki tatu na nusu na kuna mtu alishafika bei, nikamwambia mama mimi ni fundi mwenzako, ninaanza, nipunguzie, akaniangalia mikono, hakuniangalia uso, akaniangalia vidole vilivyopinda kwa kusuka, akasema haya, laki tatu, ila mwanangu nipe kamili, isipungue hata senti, nina mahali pa kuipeleka, nikasema kamili mama, nikamwahidi kwa mdomo huu huu, na akanipa juu yake mfuko mzima wa rola, bure, akasema za nini tena kwangu... hapana nesi, haivuti? ikivuta sema, nalegeza... na nani aliyenisaidia kuibeba mpaka kwenye gari, si mkamwana wake, yule mwembamba asiyesema sana, alikifuta kiti kwa upindo wa khanga yake kabla hatujaipakia, akasema dada angalia hapa pana ncha itakukata, na ni namba ya simu yake niliyopewa ya kutumia pesa, kwa kuwa mama hajajisajili na mambo ya mtandao anasema yanamtoa jasho.

Sasa nilikaa pale ndani ya gari nikafungua ile huduma, unaandika namba, unaandika kiasi, na chini kabisa, kwa herufi za kijivu ndogo kama mayai ya chawa, na mayai ya chawa mimi kwa kazi yangu nayaona, pameandikwa makato yalipwe na mpokeaji, ukipagusa panabadilika panakuwa mtumaji, kugusa mara moja tu, sikuweka mimi pale, wamepaweka wenyewe watu wa mtandao wakijua hakuna asomaye, basi walaumiwe wao, wanakata ada ya mauzo kwa sababu umenunua kitu, kana kwamba na wao waliishika draya upande mmoja, wanakata ya kuhamisha, halafu mpokeaji akienda kutoa kwa wakala anakatwa tena, jumla elfu kumi na nne na mia sita, sawa na pakiti nne za nywele, pakiti nne tu, mtu anaweza kugombana kwa pakiti nne... na kidole changu kilikuwa juu ya maandishi yale. Kilikuwa juu yake. Nikakihamisha nikabonyeza tuma.

Kumbe mkamwana akaenda kwa wakala akatoa, akamletea mama zilizokuja, mama akahesabu, akahesabu tena, akamuuliza nyingine ziko wapi, akasema ndivyo zilivyoingia, akamwonyesha ujumbe kwenye simu, mama akasema simu ni yako na maandishi ni yako, mimi naamini neno la fundi mwenzangu, ndipo akaniuliza, na fundi mwenzake akajibu laki tatu kamili. Yote hayo aliniandikia mwenyewe asubuhi, ujumbe mrefu usio na vituo, kwamba amekaa na yule binti miaka mitatu akimwachia hadi ufunguo wa kabati, kwamba mwanawe anarudi Jumamosi kutoka kazini na atamwambia amrudishe mkewe kwao, kwamba si pesa, binti yangu, ni mkono mrefu, mtu akianza na kidogo... na mimi nilijibu nini, nilikaa na ule ujumbe kama robo saa hivi, mlango wa saluni bado sijaufungua, halafu nikaandika pole mama. Maneno mawili. Pole mama. Nikaweka simu kwenye rafu nikaanza kufagia.

"Wewe leo una nini?" anasema nesi. Sina kitu, nasema, mgongo tu, na yeye ananiambia nisisimame kwa mguu mmoja, ananieleza habari za mishipa, namshukuru, nachukua fungu jingine, nagawa tatu, kulia juu, kushoto juu, ningemwambia mama kwamba ni mtandao, ningesema nimeuliza huduma kwa wateja nao wamekiri, hapo mkamwana anasalimika na mimi nasalimika, nani ataumia, na elfu kumi na nne nitamrudishia kidogo kidogo... lakini atauliza mbona asubuhi hukusema, na pole ilikuwa ya nini, na nitasema sikuona yale maandishi, mama, ni madogo mno, nani angeyaona. Mtu asiyejua asingeyaona. Mimi nayajua, hapo ndipo penyewe, hapo ndipo nazunguka tangu asubuhi kama kuku anayetafuta pa kutagia, nayajua tangu mwaka juzi nilipouza friji langu na mnunuzi akatuma kwenye simu ya mdogo wangu, kwa sababu yangu ilikuwa imeharibika kioo, na mdogo wangu akaniletea pungufu, akasimama pale mlangoni na noti mkononi akisema dada ndizo hizi, na mimi nikamwambia maneno, sitaki hata kuyawaza, nilimwambia ndiyo maana vitu havikai kwako, nilimwambia wewe toka utotoni una mkono, mbele ya mumewe nilisema, na yeye alitoa kwenye pochi yake akajazia, akaziweka mezani, akaondoka, na mimi nikazichukua. Nikazichukua nikala. Miezi minne baadaye natuma pesa ya vipodozi nayaona yale maandishi ya kijivu, nikaelewa palepale, nikasema nitamwambia kesho, na kesho ikawa Idi na ikawa mwaka mpya na ikawa kuzaliwa kwa mtoto wake wa pili, nikampelekea nguo za mtoto, nguo nzuri, akasema asante dada, ananiita dada kama mtu anavyomwita karani wa benki, na sikumwambia, lakini kile nilichojifunza kwa aibu yake nilikiweka akilini vizuri sana, na siku yangu ya kununua ilipofika nikakitumia.

Ndivyo nilivyo basi. Nilidhani mimi ni mtu aliyechelewa tu kuomba radhi.

"Simu yako imewaka tena," anasema nesi, na kweli imewaka, jina ni lile lile, Mama Draya nilimwandika, na nesi, kwa kuwa mikono yake haina kazi na yangu ina jeli, anaunyosha mkono wake kwenye rafu, anauliza nikusomee, na kila kitu ndani yangu kinasema hapana, acha, ni wateja tu hao, nitasoma nikinawa, nimeshafungua mdomo kusema hivyo, na ninamwona yule mkamwana na upindo wa khanga yake akifuta kiti ambacho si chake tena, sasa hivi labda anakunja nguo, labda anapika kama kawaida na hakuna anayemsemesha, na atakaa miaka na neno hilo kama mdogo wangu anavyokaa nalo, na hatapata wa kumuuliza... nisomee, nasema.

Anasoma polepole, kwa sauti ileile anayosomea karatasi ya mgonjwa, asante binti yangu, sasa nimejua ninaishi na nani. Halafu wa pili, analia huko chumbani lakini ukweli ni ukweli, Mungu akubariki kwa kuniambia. Nesi anaishusha simu mapajani, anasema makubwa, kuna nini huko, na mimi nimeshika mafungu matatu ya nywele zake, nikiyaachia mstari wote utafumuka, nayashika, nasema nesi nisaidie kuandika.

"Niandike nini?"

Andika mama, si yeye. Anaandika. Andika, makato nilimwachia yeye kwa makusudi, nilijua, pesa zake ninazo, nazileta leo kwa mkono wangu na nitasema mbele yake, mbele ya huyo binti, andika hivyo, mbele yake, na nesi anaacha kuandika, ananitazama kwenye kioo, si jicho la hasira, ni la mtu anayesubiri uhakika, mimi naangalia nywele, naangalia vidole vyangu vilivyopinda, kulia juu, kushoto juu, uso unaniwaka mpaka masikioni na sijawahi kuona aibu kama hii mchana kweupe, mbele ya mteja, ambaye kesho atakuwa ameshaisimulia wodi nzima.

"Nitume?"

Tuma, nasema, halafu nitafutie namba ya mdogo wangu, utashuka sana, iko chini huko.