Visima Vitatu kati ya Kumi na Viwili

Kanze alibandika paji la uso kwenye kioo cha dirisha la maktaba mpya ya Garsen, viganja ameviweka pembeni mwa macho kuzuia jua, akaziona. Kompyuta zilikuwa zimepangwa juu ya meza ndefu, kila moja imevikwa mfuko wake wa plastiki, hata vumbi halijapata ruhusa ya kuzigusa. Ukutani kulikuwa na bango la maandishi ya buluu: Majarida ya Sayansi ya Dunia Nzima, Bure kwa Mwananchi. Mlangoni palikuwa na mnyororo na kufuli.

"Dada, unaacha jasho kwenye kioo," Mukhtar alisema nyuma yake.

Mukhtar ndiye aliyekuwa mkutubi. Kila asubuhi alifungua, akafagia, akafunga, kisha akaketi barazani kwenye kiti cha plastiki mpaka alasiri, akilinda vitabu visisomwe.

"Kaka Mukhtar, nusu saa tu. Unisimamie hapo kichwani, nisome makala moja, nitoke."

"Haijazinduliwa."

"Umeme upo?"

"Upo."

"Mtandao?"

"Upo, tena wa kasi. Mimi mwenyewe nautumia nikiwa hapa nje." Aliona haya kidogo, akajikuna shingo.

"Na majarida? Kweli mmesajiliwa?"

"Mwaka mzima. Hesabu ilianza siku ile mafundi walipofunga kompyuta."

"Sasa kumepungua nini?"

"Mgeni rasmi."

Ndiyo desturi yetu hiyo, msishangae. Daraja halipitwi, bomba halifunguliwi, choo cha shule hakiingiwi hata mtoto awe anajikunja, mpaka mkubwa aje akate utepe. Mwezi wa tatu mkubwa alikuwa na mkutano Mombasa. Mwezi wa tano mafuriko yalikata barabara. Sasa jua lilikuwa limerudi na ukavu wake, na bado ofisi ilisema tarehe itatangazwa.

"Uingie wewe, mtu apige picha, airushe kwenye grupu, kazi yangu imekwenda na maji," Mukhtar alisema. "Nina watoto, dada. Nisamehe."

Alisema nisamehe kwa dhati, na hilo ndilo lililomuudhi Kanze zaidi. Angetukanwa angalau angepata pa kutupia hasira.

Alikuwa akisomea uzamili wa kemia, binti wa kwanza wa kijiji chao karibu na Minjila kufika huko. Maktaba ya chuo chake ilikuwa imekatiwa majarida ya mtandaoni tangu mwaka uliopita, chuo kikisubiri fedha, na kitabu kipya kabisa cha kemia ya maji kwenye rafu kilichapwa kabla yeye hajazaliwa. Hayo angeyavumilia. Wanafunzi wa nchi hii wamezoea kuokoteza elimu kama kuku wa kienyeji. Lakini makala aliyoyatafuta hayakuwa ya kupamba orodha ya marejeo. Yalikuwa yanahusu maji aliyokunywa asubuhi ile.

Miaka kadhaa nyuma, watafiti walikuja Minjila na magari mawili. Walichota maji katika visima kumi na viwili vya uwanda ule, wakayatia kwenye vichupa vidogo, wakaandika namba, wakashukuru, wakaenda zao. Matokeo yalitoka katika jarida la ng'ambo. Kwenye simu yake Kanze aliweza kusoma muhtasari wa juu tu, na aliujua kwa moyo kama Baba Yetu: kati ya visima kumi na viwili, vitatu vilikutwa na aseniki ya kiwango cha kudhuru, hasa kwa watoto na wajawazito. Tisa vilikuwa salama. Majina ya visima yamo katika Jedwali la Nne.

Akigusa Jedwali la Nne, ukurasa ulimwambia: kwa wasomaji wa taasisi zilizosajiliwa pekee. Taja taasisi yako. Alitaja chuo chake. Haimo.

Aseniki ni sumu isiyo na rangi, harufu wala ladha. Mtu huinywa miaka na miaka huku akisifu utamu wa maji. Mama yake, Mbodze, aliyachemsha maji ya kunywa kama watu wa afya walivyomfundisha, akayafunika kwa kitambaa cheupe, akajivunia usafi wake. Kuchemsha hakuitoi aseniki. Kanze alijua hivyo, na kila aliporudi nyumbani alipokea kikombe kwa mikono miwili, akanywa. Angesema nini? Angesema kisima kipi?

Alikuwa amewaandikia waandishi wawili wa kwanza wa makala yale, ambao majina yao pekee yalionekana kwenye simu. Barua pepe ya kwanza ilirudi: mhusika amehama. Ya pili ilijibiwa kwamba ombi lake limepokelewa, kisha kimya. Mwenzake wa darasa, Oliver, mtaalamu wa njia za panya za mtandaoni, alimpatia makala ya visima vya nchi ambazo Kanze hakuwahi hata kuzisikia. Ya Minjila hakuyapata.

Mtu atauliza: si ana elimu, si apime mwenyewe? Alijaribu. Aliazima vichupa chuoni, akaenda kisimani kwa Mzee Guracha.

Kwa Waorma wa upande ule kisima kina mwenyewe, na mwenyewe hauzi maji. Anachodai ni habari. Unafika, unasimama kando, unaulizwa utokako, malisho, wagonjwa, mvua. Ukishajibu, unapewa ndoo. Kuchota kimya kimya ni wizi, na hata Wagiriama kama akina Mbodze, waliokuja baadaye na majembe yao, waliufuata utaratibu huo, kwa sababu mwenye kiu hachagui mila.

Mzee Guracha aliviangalia vile vichupa, akavifahamu.

"Wale watu mimi nilipatia maji," alisema. "Maji ilienda, habari haikurudi. Wewe binti ya Mbodze unataka kuchukua ingine? Lete kwanza habari ya ile."

"Mzee, nikipima mimi nitakuletea habari mwenyewe."

"Hata wao walisema hivyo. Walisema vizuri kuliko wewe."

Wenye visima wengine walimtazama Guracha. Akikataa yeye, hakuna wa kukubali. Kanze aliondoka na vichupa vikavu. Nusu ya habari alikuwa nayo ulimini, akaimeza. Aliogopa nusu ile. Alitaka aje na jedwali zima, ataje jina la kisima, mtu aokoke na mwingine alale usingizi.

Siku ile alipotoka maktabani alimpigia simu msimamizi wake, Daktari Mwaro.

"Kanze, mimi siwezi kukufanyia utafiti," Daktari alisema kabla hajamaliza. "Kutafuta vyanzo ni sehemu ya mafunzo. Sisi tulikuwa tunapanda basi hadi Nairobi kwa ajili ya ukurasa mmoja."

"Naelewa, Daktari. Lakini makala haya hayafunguki popote."

"Yepi hayo?"

Alimtajia. Daktari akacheka kidogo, cheko la mtu aliyekumbushwa harusi yake.

"Hayo yangu, Kanze! Hukuona jina langu? La nne pale. Mimi ndiye niliyewatembeza wale wageni Minjila nzima. Yalinipandisha cheo hayo."

"Basi Daktari unayo!"

"Walinitumia kiungo. Kilifunguka mara moja, sasa kinaniuliza taasisi."

"Na majina ya visima? Vile vitatu. Unavikumbuka?"

"Visima vilikuwa namba. Vipimo vilifanyiwa huko kwao, majina waliyaweka wao. Mimi nilisoma mwanzo na mwisho, nikatia sahihi." Sauti ikabadilika. "Sikiliza. Usipeleke uvumi kijijini bila data. Ukizua taharuki, kamati ya maadili itaniita mimi, si wewe. Na mapitio ya maandishi nayataka kabla ya mwisho wa mwezi, la sivyo jina lako halitaingia awamu hii ya zamu za maabara. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, Daktari."

Alikata simu, akaitukana kwa Kigiriama, simu yenyewe, maskini, isiyo na kosa.

Ngoja ngoja huumiza matumbo, lakini baada ya miezi kadhaa mgeni rasmi alikuja. Hema zilisimamishwa, viti vikavalishwa vitambaa, watoto wa shule wakaimbishwa juani tangu asubuhi. Magari yaliingia mchana, saa ambazo hata mbuzi wa Garsen huwa wamejilaza. Hotuba ya kwanza ilimsifu wa pili, ya pili ikamsifu wa tatu. Mgeni rasmi alisema elimu ni mwanga, akasema hakuna mtoto wa Tana River atakayeachwa gizani tena, akapigiwa makofi, akakata utepe.

Kanze alikuwa mlangoni, amevaa gauni lake la kanisani. Mukhtar alimwona, akamnyooshea kidole, akamwambia ofisa mmoja mwenye shati la kitenge:

"Huyu ni mwanafunzi wa chuo kikuu, mkubwa. Wa hapa hapa."

"Safi kabisa! Aketi, aketi pale kwenye kompyuta. Mheshimiwa, simama nyuma yake hivi, kama unamwelekeza."

Mifuko ya plastiki ilivuliwa. Kanze aliketi. Mkono wa mgeni rasmi ulitua begani pake, mzito, unanukia manukato. Aliandika jina la makala bila kutazama vidole. Mtandao ulikuwa wa kasi kweli, Mukhtar hakudanganya. Ukurasa ulifunguka, muhtasari ule ule, visima vitatu, visima tisa. Akabonyeza Jedwali la Nne.

Usajili wa taasisi hii umekwisha.

Alibonyeza tena.

"Siz, cheki huku basi," mpiga picha alisema. "Smaili kidogo. Unakaa ni kama umefiwa."

"Kumetokea nini?" mgeni rasmi aliuliza, bado akitazama kamera.

"Usajili umekwisha," Kanze alisema. "Mheshimiwa, nahitaji ukurasa mmoja tu. Kuna sumu kwenye visima vyetu na majina yamo humu."

Mkono ulitoka begani.

"Haya ni mambo ya kiufundi," ofisa wa kitenge alidakia. "Andika ombi, ulilete ofisini wiki ijayo. Mheshimiwa, chakula kiko tayari."

Wakatoka. Chumba kikabaki na harufu ya manukato na plastiki. Mukhtar alisimama mlangoni akikunjakunja kipande cha utepe.

"Uliisha mwezi juzi," alisema. "Niliripoti. Wakasema watauhuisha wakiona orodha ya wasomaji waliosajiliwa. Wasomaji wenyewe ningewatoa wapi?"

Kanze alimtazama. Siku ile ya dirishani usajili ulikuwa hai. Alitenganishwa nao na kioo tu, kioo na mtu mwema mwenye watoto. Alitaka kumzaba kofi. Aliinuka, akampita bila kuaga.

Hakurudi nyumbani. Alikwenda moja kwa moja hadi kisimani kwa Mzee Guracha, gauni la kanisani limejaa vumbi. Kina mama walikuwepo wamepanga mitungi ya plastiki, mama yake akiwa mmoja wao, na Sadia, mkwe wa Guracha, aliyekuwa mjamzito. Kanze alisimama kando kama ilivyo desturi.

"Watoka wapi?" Guracha aliuliza.

"Garsen."

"Habari ya huko?"

Alifikiria kamati ya maadili. Akamfikiria Daktari na jina lake la nne. Kisha akalitazama tumbo la Sadia.

"Habari ya maji yenu imefika, Mzee. Visima vitatu vya uwanda huu vina sumu. Haionekani. Kuchemsha hakuiondoi. Inadhuru watoto, hata wa tumboni."

Kamba ikaacha kusogea. Mtu alitafsiri kwa Kiorma, mwingine kwa Kigiriama.

"Hivyo vitatu ni gani?"

"Sijui."

"Wale watu wanajua?"

"Wanajua."

"Imeandikwa?"

"Imeandikwa. Lakini sijaruhusiwa kusoma."

Guracha aliegemea ukingo wa kisima. Hakukasirika, na Kanze aliomba Mungu akasirike.

"Wewe ni msomi," alisema mwishowe, kama anayeuliza.

"Ndiyo, Mzee."

"Hii ni nusu ya habari. Lakini umeleta." Akachukua ndoo, akamsogezea. "Chota ya kupima."

Mashine ya chuoni ya kupima aseniki ilikuwa imeharibika, na zamu ya meza ya maabara haipatikani mpaka mapitio ya maandishi yapite kwa Daktari. Kanze alichota hivyo hivyo. Hakuwa na vichupa. Alijaza chupa ya soda aliyookota njiani, akaisuuza kwanza, akaishika mkononi bila kujua aipeleke wapi.

Usiku kucha habari ilitembea kijiji kwa kijiji. Asubuhi Mbodze alisimama mlangoni na mtungi mtupu.

"Msomi wangu," alisema, "leo tuchote wapi?"

Kanze aliigeuzageuza ile chupa ya soda mkononi.

"Basi mimi naenda kwa Dida," mama alisema. "Kwa Guracha siendi tena. Roho yangu imekataa."

Kisima cha Dida kilikuwa upande wa pili wa uwanda. Kanze alimfuata. Walikuta njia imejaa. Wanawake wa upande wa Guracha walikuwa wakielekea kwa Dida, na wanawake wa upande wa Dida walikuwa wakija kwa Guracha, safu mbili kwenye njia moja nyembamba, kila mtu akikimbia kisima chake. Waliokwenda walikuwa na mitungi mitupu. Waliokwisha kuchota walirudi na mitungi iliyojaa, wakitembea polepole wasimwage hata tone. Walipopishana walisalimiana kwa adabu, wakaulizana hali ya watoto, na hakuna aliyegeuka.