Ini Lisiwake

Siku hiyo Zimkhitha Mabandla hakula wala hakukaa. Kwa miaka mitatu, katika maabara yao ya Cape Town, alikuwa akitunga ujumbe wa mRNA wa kuziamuru seli za kinga, hizo peke yake, zipigane na virusi vya Ukimwi. Na kwa miaka mitatu ini la panya lilikuwa likiudaka ujumbe huo kwa pupa, kabla haujazifikia seli za kinga zenyewe. Dawa ikifika mahali isipoalikwa huwa sumu.

Safari hii aliutia kufuli: seli ya ini ikiupokea tu, inauchana. Ujumbe wa majaribio ulibeba mwanga, ili popote utakaposomwa paonekane pakiwaka. Ini likiwaka tena leo, Daktari Pillay, mkuu wao, anaufunga mradi. Fomu alishaishika mkononi.

Panya aliyedungwa ujumbe huo alilala usingizi wa dawa ndani ya sanduku la kamera. Boeta, yaani Kaka, Rafiek, fundi wa mitambo, akabonyeza. Picha ikaja nyeusi tii.

"Ini haliwaki!" Zimkhitha akaruka.

"Hata bandama haliwaki, dada yangu. Umemzima panya mzima mzima."

Bandama ndilo kambi ya seli za kinga. Kama na huko ni giza, basi kufuli limefunga milango yote. Daktari Pillay akatoa kalamu.

"Pole, Zim. Umejitahidi."

"Ngoja, Dokta! Boeta, jicho la kamera umelifungua muda gani?"

"Sekunde moja, kama siku zote. Ini lako lilivyokuwa linawaka, ningezidisha lingetutoboa macho."

"Na leo linawaka wapi? Fungua dakika tano, Boeta wangu!"

Rafiek akajipiga paji la uso. "Mimi nina akili ya kuku kweli."

Dakika tano, jamani, ni ndefu. Kisha nukta ikatokea ubavuni kushoto, ikanenepa, ikang'aa: bandama. Ini, kimya. Giza totoro!

Zimkhitha akapiga vigelegele mle ambamo hata kukohoa kumekatazwa kwa maandishi mekundu. Alilia na kucheka kwa pamoja, amemng'ang'ania Rafiek shingoni.

Daktari Pillay hakuwakemea. Aliisogelea skrini mpaka pua ikakaribia kuigusa, fomu ikamponyoka, akaikanyaga bila habari.

"Panya wamebaki wangapi?"

"Kumi na mmoja, Dokta."

"Leteni wote."