Video ya Mashine Namba Nne

Kwa wiki tatu Naliaka alikula huku macho yakiwa kwenye kompyuta, na chai ikimpoea kila asubuhi. Katika chumba chake cha kukodi pale Ruiru, alikuwa akitengeneza video ya dakika sita ya kuwafundisha wafanyakazi wa kiwanda kimoja cha makadamia huko Thika jinsi ya kusafisha mashine ya kupasulia karanga hizo. Alikuwa amefundisha shule ya msingi miaka minane kabla ya kuingia katika kazi ya kutengeneza masomo ya video, na alijiona anajua vizuri jinsi mtu anavyojifunza. Akatia muziki. Akatia kikaragosi cha makadamia chenye miguu, kinachocheza na kuimba habari za usafi. Akatia maandishi ya manjano, na sauti yake mwenyewe ikiyasoma neno kwa neno, asije mtu akasema hakuelewa.

Tena hakuwa akiwafanyia watu baki. Mdogo wake Nafuna, aliyetoka naye Bungoma, ndiye aliyetia mikono ndani ya mashine namba nne kuisafisha kila zamu ilipokwisha. Mwanzoni mwa mwaka mwanamke wa zamu nyingine alikatwa vidole viwili, na hiyo ndiyo sababu kiwanda kikaitaka video. Naliaka alitaka mikono ya mdogo wake ibaki mizima, basi.

"Si ukuje siku moja uone vile tunafanyanga?" Nafuna alimwambia tangu mapema.

"Nimepewa kitabu cha mashine," Naliaka akajibu. "Kila kitu kiko ndani."

Asiyeuliza hanalo ajifunzalo, walisema wahenga, lakini wahenga hawakuwa na diploma ya Naliaka. Alienda kiwandani Jumapili moja tu, mashine zote zikiwa kimya, akamvalisha fundi mmoja koti jeupe na kumpiga picha akizima swichi, akitembea, akifungua kifuniko, akisafisha. Ilimtosha saa moja, akarudi zake Ruiru.

Jumamosi ya majaribio, wanawake ishirini waliitazama video hiyo kwenye kantini. Walipiga makofi. Kikaragosi kilipocheza waliomba kirudiwe, na Mbithe, mwenzake Nafuna kazini, akainuka akacheza nacho. Naliaka alikuwa amevimba kichwa. Supavaiza wao, mama mmoja wa makamo aliyeitwa Magdalene, alitazama mikono ikiwa kifuani mpaka mwisho.

"Ni tamu," akasema. "Sasa twende kwa mashine."

Ndani, mashine nyingine zilinguruma hata sakafu ikatetemeka. Kila mtu alikuwa na vizibo masikioni. Nafuna alisimama mbele ya namba nne. Mbithe alikwenda kwenye swichi, ambayo iko ukutani nyuma ya nguzo, mahali ambapo wawili hao hawaonani. Nafuna akafuata video kama mwanafunzi ambaye mwalimu wake ni dada yake. Akafunga kofia, akavaa glavu, akakaza aproni. Mashine ilikuwa imetulia. Lakini namba nne hutulia yenyewe karanga zikiisha, na hujiwasha yenyewe ikipata nyingine, ilmradi swichi haijazimwa. Nafuna akainua kifuniko, mkono ukaanza kuingia.

Magdalene hakupiga kelele, maana nani angesikia? Alimkamata Nafuna kiunoni akamvuta, wote wawili wakaanguka sakafuni. Karanga moja iliyokuwa imekwama juu ikadondoka. Meno ya mashine yakazunguka, yakaiponda, yakatulia tena.

Naliaka aliyaona yote.

Walipotoka nje Magdalene akafoka. "Haiya! Mbithe, mbona hukuzima?"

"Sikusikia ndoo."

"Ndoo gani?" Naliaka akauliza.

Wakamtazama kwa huruma. Magdalene ndiye aliyemweleza. "Mwalimu, huko ndani hakuna kusikizana. Huyu akitaka kusafisha, anagonga nguzo na ndoo ya chuma mara mbili. Hiyo inapenya mpaka kwa masikio. Yule akisikia, anazima. Tumefanya hivyo miaka yote."

"Na leo hukugonga kwa nini?" Naliaka akamgeukia mdogo wake.

"Kwa video hakuna ndoo," Nafuna akasema polepole. "Mtu anazima, halafu anafungua. Nikajua Mbithe amefunzwa azime mwenyewe."

"Na mimi nikangoja ndoo," Mbithe akasema, "kama kila siku."

Naliaka alilia pale pale uani, bila kujificha. Alijichukia. Kitu alichokitengeneza ili kumlinda Nafuna ndicho kilichoupeleka mkono wake kwenye meno ya mashine.

"Wacha kulia, dada," Nafuna akamwambia, akiuinua mkono. "Si huu hapa?"

Wiki iliyofuata Naliaka alishinda kiwandani siku tatu. Mbili za kwanza hakubeba kamera. Alitia vizibo masikioni, akabeba magunia, akasimama alipo Nafuna, kisha alipo Mbithe. Akagundua kwamba hata ndoo haitoshi, kwani siku nyingine mtu wa kwenye swichi huwa ameitwa kando. Alipomwambia Magdalene, mama huyo akafikiri kidogo. Swichi ina ufunguo, akasema. Basi Mbithe azime, autoe, aulete mpaka mkononi mwa Nafuna. Ufunguo usipofika, mkono hauingii.

Siku ya tatu Naliaka akapiga picha, kamera ikiwa begani kwa Nafuna, ili mtazamaji aone anachokiona yeye. Kisha akarudi Ruiru kuikata video. Maandishi yakaenda, muziki ukaenda. Kikaragosi kilimuuma, alikuwa amekichora siku nne, lakini uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Ikabaki dakika moja na nusu: ndoo, nguzo, wanawake wawili na ufunguo.

Safari hii kantini hakuna aliyepiga makofi.

"Na ile makadamia ya kudensi iko wapi?" mmoja akalalamika.

Wakaenda kwenye mashine. Nafuna akagonga mara mbili, akaiweka ndoo chini. Mbithe hakutokea. Mashine ilikuwa imetulia kama ile Jumamosi, na kifuniko kilikuwa karibu. Nafuna akarudisha mikono nyuma ya mgongo, akangoja. Hatimaye Mbithe akatokea nyuma ya nguzo, akaja mpaka pale, akautia ufunguo kwenye kiganja cha mwenzake. Nafuna akafungua kifuniko.

Walipotoka, Nafuna alimvuta dadake pembeni.

"Usikasirike, lakini ile ya kwanza ilikuwa tamu kuliko hii," akamnong'oneza. "Hii haina kitu. Ni sisi tu tukifanya kazi."

Naliaka akaishika mikono yote miwili ya mdogo wake, mizima.