Mteremko wa Mnanaa-Mwitu

Shemeji yangu, mume wa mdogo wangu, ni dereva wa greda, na mtu huyo akikosa barabara ya kuchonga atachonga hata kitanda chake. Nampenda, lakini siku ile nilitamani kumla nyama.

Nyuma ya nyumba zetu kuna mteremko wa changarawe, jua kutwa, udongo usiootesha hata mchicha. Hapo ndipo unapokaa mnanaa-mwitu. Ni ndugu wa mnanaa wa chai na mrehani: shina lake lina pembe nne, ukilisugua vidoleni unazihisi, na maua yake ya zambarau huchanua kiangazi, wakati kila kitu kingine kimenyauka. Mimi nafuga nyuki. Bila maua yale kiangazi hawana chakula, na nyuki mwenye njaa haombi, anahama. Mizinga ile ndiyo inayoniweka mjini. Kazi nyingine siijui na sitaki kuijua.

Basi mvua zinakaribia, shemeji kwa wema wake akaona mteremko umejaa magugu. Niliporudi kutoka sokoni nilikuta umekwanguliwa mweupe, yeye yuko juu ya mashine, meno yote nje.

"Dada, umeonaje? Uwanja wa ndege kabisa!"

"Kwani mimi rubani?"

Nilimpa yake na ya ukoo wake mpaka majirani wakatoka na miiko mikononi. Mdogo wangu akamnunia mumewe, wakawa wanalala mzungu wa nne.

Hasira zangu huwa hazifiki kesho. Asubuhi nilipanda mteremko, nikapiga magoti, nikaangalia vizuri. Kumbe greda lilikwangua juu juu tu. Liliondoa nyasi ndefu zilizokuwa zikiubana mnanaa miaka yote, na mbegu zake, ndogo kama vumbi, zilibaki kwenye changarawe. Mbegu zile ukizifunika haziamki; zinataka jua. Nilishaona mafundi bomba walipochimba kule chini: mvua ya kwanza tu, mnanaa ukaota juu ya kifusi kabla ya nyasi. Nikajipangusa magoti. Utaota huu, nikasema, na sikuwa na shaka hata chembe.

Jumapili likaja lori. Shemeji, macho yamemwiva, kaleta udongo mweusi na samadi.

"Dada, nimekuja kurekebisha. Namwaga lote pale, tunapanda upya."

Nikaenda nikasimama nyuma ya lori.

"Ukimwaga, unanimwagia mimi."

"Jamani! Nimekosa, nimeomba radhi, bado tu?"

"Radhi nimepokea. Samadi sitaki. Ukiurutubisha udongo huu nyasi zitaumeza mnanaa, na safari hii hautarudi."

Mdogo wangu akanijia juu. "Dada, una kiburi wewe! Mwenzio chakula hakimpiti kooni, unamfukuza?"

Iliniuma, sifichi. Ningekubali, nyumba yao ingetulia siku ileile. Lakini sikusogea. Lori likageuza, samadi ikaenda kwenye bustani ya mama, na mdogo wangu akanipa kisogo.

Mvua zikanyesha. Kila asubuhi nilipanda kule kwa maringo, nione nani atathubutu kunicheka. Vikachomoza vimea vidogo. Vilipokua kidogo nikang'oa kimoja, nikakisugua: pembe nne, na harufu ileile. Weee! Nilipiga vigelegele peke yangu. Kiangazi kilipoingia, mteremko ulikuwa zambarau kuliko mwaka wowote, na nyuki wanavuma mpaka jikoni unawasikia.

Nikawaita wote wawili. Shemeji akasimama chini, mikono nyuma, kama kaitwa na mwalimu mkuu. Mdogo wangu alitazama, akaanza kulia, akamshika mumewe mkono.

"Kwa hiyo sikuharibu?" shemeji akauliza polepole.

"Ulibahatisha, usijitie ubingwa." Nikamwonyesha upande wa juu, ambako greda halikufika: nyasi tupu, ua hata la dawa hakuna. "Mvua zikikaribia, njoo unikwangulie na pale. Juu juu, nami nimesimama pembeni."

Akakaa chini palepale kwenye changarawe, akacheka huku machozi yanamtoka.