Oili Iliyokula Vidole

Ulimwona. Usijifanye hukumwona. Ulipita kando ya uzio wa karakana ya ndege, ukamkuta mwanamume mzima anahangaika na vifungo vya shati lake, ukageuza uso upande wa pili. Moyoni ukasema, mlevi huyo. Basi kaa kitako usikie, maana yule hajaonja pombe maisha yake yote.

Karakanani walimwita Kidole, na jina hilo alilitolea jasho. Oili ya injini ya ndege ilipomwagwa ichunguzwe, kwanza waliangalia kizibo chenye sumaku. Lakini sumaku hukamata chuma tu. Beringi ikianza kulika, chembe za shaba huipita sumaku hivihivi, na majibu ya maabara yalichukua muda kuja. Hapo ndipo walipomwita. Alichovya kidole cha shahada, akakisugua na gumba, akafumba macho. Akikunja uso, injini inafunguliwa. Akisema safi, ndege inaruka.

Oili ile si kama ya gari. Imetengenezwa ivumilie moto wa kuunguza oili nyingine zote, na imetiwa dawa ya kuzuia vyuma visilane. Ikidondoka sakafuni, rangi inabanduka. Siku moja stoo walitoa glavu. Kabla ya chakula cha mchana zilikuwa zimevimba na kulegea kama mkate uliolowa. Karakana nzima ikacheka mpaka ikalia. Kidole ndiye aliyecheka kuliko wote. "Glavu za nini, mimi bibi harusi?" Hakuna aliyeuliza kama imeila glavu, ngozi itaifanyaje.

Na kunawa je? Kila asubuhi shemeji yake, kaka wa mkewe, mjazaji mafuta, alichota mafuta kidogo kutoka chini ya tangi la ndege kwenye chupa angavu, aone kama maji yametuama. Mafuta yakiwa hayana maji, hayakutupwa. Yalimiminwa kwenye beseni, kwa kuwa mafuta ya ndege ni ndugu wa mafuta ya taa, yanakata oili kuliko sabuni yoyote.

"Njoo shemeji, uoge kitajiri!" alimwita.

"Nisugulie na mgongo basi!"

Karakana nzima ikanawa humo miaka nenda miaka rudi. Mafuta yakaitoa ngozi unyevu wake, ikapasuka, na ile oili ikapata mlango wa kuingilia. Dawa ya kulinda vyuma ikaenda kula mishipa ya fahamu.

Mkewe ndiye aliyegundua. Kidole aliepua sufuria kwa mikono mitupu, akasimama nayo, anaongea tu.

"Baba! Unaungua!"

Akaitazama mikono yake kama ya mtu mwingine.

"Kawaambie kazini," mkewe akasema.

"Niwaambie Kidole hana kidole? Kesho utanikuta getini naomba ufagio."

Hakusema. Akaendelea kuchovya, akaendelea kufumba macho.

Mpaka siku ya injini ya kushoto.

"Vipi?" msimamizi akauliza.

"Safi."

"Safi ya kweli, au safi ya njaa?"

"Bosi, nimewahi kukuangusha?"

Walipoiwasha kwa majaribio, ndege ikiwa bado chini, injini ikalia kama bati linaloburutwa kwenye lami, ikatema moshi, ikajikaba. Beringi ilikuwa imesagika, na shaba yake ilikuwa imejaa kwenye oili ileile aliyoisugua. Hakufa mtu. Hilo halikumsaidia.

Mbele ya wakubwa akautoa ukweli wote: ganzi, beseni, glavu.

"Wote wananawa humo," mkubwa mmoja akasema. "Mbona ni wewe tu?" Akamgeukia shemeji, aliyeitwa kutoa ushahidi. "Wewe una ganzi?"

Asubuhi hiyohiyo shemeji alikuwa ameangusha kifuniko cha tangi mara mbili, na Kidole ndiye aliyemwokotea. Shemeji akatazama viatu vyake.

"Mimi mzima, mkuu."

 Kidole aliijua hofu ile. Yeye mwenyewe alilala nayo kitanda kimoja. Wakaandika uzembe, wakamtoa nje. Madaktari wanasema mishipa ile haitarudi. Mkewe anamfunga vifungo kabla hajatoka. Vikifunguka njiani, ndiyo hivyo ulivyomkuta.

Naye anarudi pale uzioni kila siku, anawapigia kelele wenzake waache kunawa. Wanampungia mkono wenye kung'aa mafuta, wanacheka. Mlinzi anamfukuza. Sauti yake peke yake haitoshi, na yeye anajua haitatosha.

Kwa hiyo usinipe pole. Pole haifungi kifungo. Inuka sasa hivi, chukua jirani yako, nendeni getini mkasimame naye mpaka lile beseni limwagwe mbele ya macho yenu na glavu zisizoyeyuka ziletwe. Usiseme kesho. Shemeji ananawa sasa.